Kiengua-povu cha Kaka Yangu

Kila mama apikaye nyama au maharage anajua kwamba chungu kinapoanza kuchemka, povu hupanda juu, na kwamba povu hilo likiachwa huuchafua mchuzi wote. Basi huchukua upawa akaliengua na kulimwaga. Leo napenda kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu habari za chombo kinachofanya kazi ya upawa huo usiku na mchana, bila moto, katika maji ya chumvi, ndani ya sanduku la kioo lisilozidi sana sanduku la nguo la askari. Nilikiona, nikakishika kwa mikono yangu, na nikasaidia kukifunga mahali pake katika mji wa Berlin, Ujerumani, mwaka 2023, nilipopelekwa huko kwa mafunzo ya kazi ya miezi 3.

Mafunzo hayo yalikuwa kazi ya serikali. Kazi ya pili nilikabidhiwa na mama yetu, aishiye Tororo, nayo haikuwa na barua. Kaka yangu mkubwa, ambaye huko Berlin ni muuguzi wa wazee, alikuwa akituma nyumbani euro 200 kila mwezi kwa miaka mingi. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2022 zikawa euro 80, na maelezo hayakufuatana nazo. Mabati ya nyumba ya mama yalikuwa yakivuja. Kisha picha ikafika katika simu ya shangazi yetu mmoja, ikimwonyesha kaka amesimama kando ya tangi la samaki lenye taa za samawati, na katika ukoo wetu neno likaanza kutembea: pesa za mabati zimeliwa na samaki. Mama akaniita. "Nenda ukaone kwa macho yako," alisema, "wewe ulisomea ualimu, unajua kuuliza bila kugombana."

Sisi ni watoto wa sajenti wa polisi. Tulilelewa kambini Nsambya, katika vile vibanda vya mabati vya duara ambavyo wengi wenu mnavifahamu kwa joto lake la saa saba mchana. Kila Jumamosi baba alikagua vitanda na viatu vyetu kama anavyokagua gwaride. Kwa hiyo nilipofungua kabati lililo chini ya tangi la kaka, kitu cha kwanza nilichokiona humo ni baba: vichupa vimepangwa kwa urefu, kila kimoja na karatasi yenye jina, kitambaa kimekunjwa pembe nne, na daftari lenye mistari, limejaa tarehe, joto la maji na kipimo cha chumvi. Joto digrii 25. Chumvi gramu 35 katika kila kilo moja ya maji, yaani sawasawa na bahari. Siku baada ya siku, kwa miaka 3.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40, ambayo ni lita 96 kabla ya kuondoa nafasi ya mawe. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bahari kilicho hai: mawe yenye vitundu vilivyojaa bakteria, matumbawe laini yakipunga kama nyasi katika upepo, matumbawe magumu machache ya rangi ya zambarau, na samaki wanne tu. Mfugaji wa namna hii hafugi samaki kwa kweli, anafuga maji. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo haiui kwa haraka bali hujilimbikiza, ikastawisha mwani mbaya na kuyafanya matumbawe yageuke rangi ya udongo. Bahari ina upana wa kusahau uchafu wake. Lita 96 hazina.

Watu wengi wameushughulikia ugumu huo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, aliyefuga samaki wa bahari huko Indonesia, alieleza katika jarida jinsi alivyotumia mawe hai kutoka baharini pamoja na hewa kidogo tu, akawaachia viumbe wasafishane wenyewe. Yeye aliishi karibu na bahari. Wafugaji wa Berlin, ambao bahari iko mbali nao na maji yao ya bomba ni magumu kwa chokaa, waliyachukua mawe hayo hai wakayaongezea taa kali na kiengua-povu chenye nguvu. Mpango huo hata leo hujulikana duniani kwa jina la mji wao. Mmoja wao, Dietrich Stüber, alikuza tumbawe gumu nyumbani kwake katika miaka ya 1980, na vipande vya tumbawe hilo vikagawiwa kwa wafugaji wa nchi nyingi. Kaka alinisimulia hayo kwa fahari, kama vile Stüber alikuwa mjomba wetu.

Hata hivyo tangi la kaka halikuwa na kiengua-povu. Lilikuwa na kitu kingine, ambacho wenyewe hukiita refujiamu, yaani kimbilio. Chini ya tangi kubwa, ndani ya kabati, kulikuwa na tangi la pili lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, lililogawanywa kwa vioo katika vyumba vitatu. Maji huteremka kwa bomba hadi chumba cha kwanza, hupita chumba cha kati, kisha katika chumba cha tatu pampu huyarudisha juu. Chumba cha kati ndicho kimbilio. Humo mlikuwa na mchanga, na fungu la mwani wa kijani unaofanana na nyuzi za kusugulia sufuria, na taa ndogo inayowaka usiku wakati taa za juu zimezimwa. Mwani huo hula naitreti na fosfeti, na kila ukivuna kiganja kimoja umetoa uchafu majini. Ndani ya nyuzi zake huzaliana vidudu vidogo mno, kopepodi, vinavyoonekana kama vumbi linalorukaruka. Huko hakuna samaki wa kuvimaliza, ndiyo maana ya jina.

Vidudu hivyo ndivyo vilivyokuwa moyo wa jambo lote. Miongoni mwa samaki wale wanne alikuwamo mmoja aitwaye mandarini, mdogo kuliko kidole changu cha kati, amechorwa samawati na machungwa kama kitenge cha sikukuu. Asili yake ni bahari ya Pasifiki upande wa magharibi. Samaki huyu ana tabia moja ngumu: aghalabu hukataa chakula cha dukani. Hula vidudu hai vidogo, kimoja kimoja, kutwa nzima, na akivikosa hukonda mpaka akafa huku chakula kingine kikimwelea mbele ya macho. Alikuwa mali ya mwana wa kaka, mwenye umri wa miaka 11, ambaye huniita baba mdogo kwa Kiswahili alichokirithi jikoni kwao. Mtoto huyu ni mkimya. Mwalimu wake alikwisha kuwaandikia wazazi juu ya ukimya huo. Lakini kuhusu mandarini anaweza kusema nusu saa bila kupumzika, na kila asubuhi kabla ya shule humtazama tumbo kama daktari.

Nilipofika mwezi wa Septemba naitreti ilikuwa imepanda hadi miligramu 40 kwa lita. Alfajiri samaki walionekana wakipumua haraka karibu na uso wa maji, dalili ya upungufu wa oksijeni, kwa maana usiku viumbe wote wa tangi la juu hutumia hewa na hakuna anayeitoa huko. Mwani peke yake ulikuwa umeelemewa. Kaka alikwisha kununua kiengua-povu kilichotumika, kwa euro 45, nacho kilikuwa kimekaa ndani ya boksi kwa miezi miwili kwa sababu watu watatu wa nyumba moja hawakukubaliana. Shemeji alisema tangi lote liuzwe, umeme wa Ujerumani ni ghali. Kaka alisema kifungwe ndani ya kimbilio, maana pengine hapana nafasi. Mtoto alisema kikifungwa humo kitanyonya kopepodi wote na mandarini atakufa.

Yafaa nieleze kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipowapatanisha kidogo. Chembe za protini na mafuta zilizo katika maji machafu zina pande mbili: upande mmoja hupenda maji na mwingine huyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa hujipanga kwenye mpaka wa hewa na maji, upande uyakimbiao maji ukielekea hewani, na hapo zinashikamana na kiputo. Kwa hiyo ukitaka kuzikusanya, tengeneza mpaka mrefu kadiri iwezekanavyo, yaani viputo vingi vidogo sana. Pampu ya chombo hicho ina gurudumu la sindano ambalo huvuta hewa na kuikatakata mpaka maji ndani ya silinda yanakuwa meupe kama maziwa. Viputo hupanda, hubanana shingoni mwa chombo, maji hudondoka chini, na povu lililobeba uchafu humwagika ndani ya kikombe kilicho juu. Katika maji baridi ya mto au ziwa kazi hii huwa dhaifu, kwa kuwa huko viputo huungana upesi na kuwa vikubwa; maji ya chumvi huviacha viwe vidogo. Povu lile la pwani siku ya mawimbi ni jambo hilohilo. Kaka alilikumbuka kutoka Mombasa, alikokwenda na baba kwa basi mwaka 1994.

Basi jambo la kwanza lilikuwa hili: kiengua-povu na mwani hawagombanii chakula kimoja. Chombo huondoa protini kabla haijaoza. Hakiwezi kushika naitreti iliyokwisha kuyeyuka. Mwani hula naitreti na fosfeti. Hauwezi kula kipande cha protini. Mmoja hukamata mhalifu kabla ya kosa, mwingine hushughulika na waliokwisha kufungwa. Mfano huo ulimfurahisha kaka, mtoto wa polisi, lakini mwanawe hakucheka. Aliuliza juu ya kopepodi. Nilimjibu kweli: wengine watanyonywa, lakini wengi hung'ang'ania nyuzi za mwani na mchanga wala hawaogelei ovyo, kwa hiyo tukiweka pampu mbali na mwani watabaki wa kutosha. "Mbali kiasi gani, baba mdogo?" Akaenda kuleta rula.

Tulipima kila kitu mara mbili. Chumba cha kwanza kilikuwa chembamba, chombo hakikuingia. Chumba cha tatu kilikuwa na nafasi, lakini hicho ndicho chumba ambacho kiwango chake cha maji hushuka kila siku kwa sababu ya mvuke, na kiengua-povu hakipendi maji yanayopanda na kushuka: maji yakizidi, povu hutoka jepesi, limejaa maji tu; yakipungua, halifiki kikombeni. Chumba cha kati, kwa kuwa maji yake hufurika juu ya kioo kwenda cha tatu, kiwango chake hakibadiliki, sentimita 20 wakati wote. Kwa hiyo kaka alikuwa na haki kuhusu mahali. Maelekezo ya chombo yalitaka kina cha sentimita 16. Tukakata vipande vya plastiki nene tukatengeneza kigoda cha sentimita 4. Chombo kilikuwa na kimo cha sentimita 40. Juu ya kigoda kilifika 44. Na kikombe chake lazima kiinuliwe sentimita 10 ndipo kitoke. Jumla 54, na kabati lina 60 ndani. Wengi husahau hizo 10 za kuinulia kikombe, wakajikuta kila siku ya kusafisha wanang'oa chombo kizima.

Tulikiweka upande maji yanakoingilia, ili yaenguliwe kwanza ndipo yaende kwenye mwani. Kati yake na mwani tulisimamisha kipande cha wavu wa plastiki wa matundu ya mraba, kile kinachofunika taa za ofisini, ili nyuzi zisivutwe na pampu. Mdomo wa kutolea maji tuliugeuza kwa kiwiko cha bomba uelekee ukuta wa nyuma, viputo vipate muda wa kupanda na kupasuka kabla ya maji kufika kwenye pampu ya kurudishia. La sivyo tangi la juu lingejaa ukungu wa hewa. Tulipunguza fungu la mwani kwa theluthi moja. Mtoto aliuosha mwani uliotolewa ndani ya ndoo ya maji ya tangi, akaumimina mkamuo wake kwenye tangi la juu, ili hao kopepodi wasipotee. Hatukumfundisha hilo.

Siku hiyo, mikono yetu ikiwa majini mpaka kwenye viwiko, kaka alinieleza jinsi alivyolipata tangi. Baba alifariki mwezi wa Juni 2020. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa umefungwa kwa abiria tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nao ulifunguliwa tena tarehe 1 Oktoba. Mazishi aliyaona kwenye simu, picha ikikatika. Mwezi wa Agosti jirani aliyekuwa akihama alimpa tangi tupu. Hakusema zaidi, akaniomba nimpe bisibisi.

Kabla ya kuwasha tulihakikisha waya umeteremka chini ya soketi kama tumbo kisha ukapanda, ili tone litakalotiririka juu yake lianguke sakafuni na lisiingie kwenye umeme. Maji ya chumvi na umeme si ndugu. Tulikalisha tangi la chini juu ya mkeka wa mpira kwa ajili ya mngurumo, maana katika nyumba za kupanga za huko watu hutakiwa kunyamaza kuanzia saa nne usiku, na mpangaji wa chini ana masikio. Kisha tukazima umeme wote kwa makusudi. Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa kwa nini. Pampu ikisimama, maji ya juu huteremka mpaka usawa wa bomba. Yaliteremka kama lita 6, yakajaza chumba cha tatu, yakapandisha cha kati kwa sentimita 2, yakatulia. Kingo zilikuwa bado kavu. Tulipowasha tena, povu lilifurika kikombeni kwa dakika chache kwa sababu ya zile sentimita 2, kisha likashuka. Lau kikombe kingekuwa kidogo zaidi, takataka yote ingerudi majini.

Kwa siku tano hakikutoa chochote cha maana. Hivyo ndivyo kilivyo chombo kipya au kilichooshwa: lazima kwanza kuta zake zipate utando. Siku ya sita kikombe kilikuwa na maji ya rangi ya chai kavu, na harufu ambayo sitaieleza katika ukurasa unaosomwa mezani. Shemeji alikuja, akachungulia, akanyamaza kidogo. "Hii yote ilikuwa ndani ya yale maji yanayong'aa?" aliuliza.

Jioni hiyohiyo nilimwomba kaka daftari jingine, lile la fedha. Nilimweleza wazi nilichotumwa. Hakukasirika. Tulipiga hesabu ya tangi kwa mwezi: umeme, chumvi, chakula, vipimo, ikawa euro 40, hata tulipozidisha kidogo kwa uaminifu. Lakini zilizopungua nyumbani ni euro 120. Nilizungusha duara kwenye tarakimu hizo mbili, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye madaftari ya wanafunzi, nikamsogezea. Euro 40 haziwezi kumeza 120. Kaka aliangalia mlango wa chumba cha mtoto, kisha akageuka kwa taabu, akainua shati lake. Alikuwa amefungwa mkanda mpana mgongoni. Miaka 14 ya kuinua wazee kitandani. Tangu Januari 2022 alipunguziwa saa za kazi kwa ushauri wa daktari, na mshahara ukapungua nazo. Shemeji alijua. Mama hakujua, kwa sababu baada ya mazishi yale kaka hakutaka kumpelekea habari nyingine ya kusikitisha kwa njia ya simu.

Nilimwambia kwamba mama anapendelea mgongo mbovu kuliko mwana asiyejali, na kwamba hivi sasa anadhani ana huyo wa pili. Alimpigia Jumapili iliyofuata. Mimi na shemeji tulikaa jikoni. Walizungumza saa nzima, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu. Sikuuliza. Kuhusu mabati, tulipatana tulio watatu katika familia kila mmoja atoe sehemu, na fundi alianza kazi mwezi wa Februari 2024.

Wiki moja kabla ya mafunzo kwisha tulikwenda dukani kununua chumvi. Katika tangi moja alikuwamo samaki wa samawati iliyopauka, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Muuzaji alisema ametoka Kenya, na inawezekana kabisa, kwani wavuvi wa pwani hiyo wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya Ulaya kwa miaka mingi. Kaka alisimama mbele yake muda mrefu. Mtoto alimvuta mkono. "Huyo atakuwa mkubwa, baba, tangi letu ni dogo." Tukalipia chumvi, tukatoka.

Nilipoondoka mwishoni mwa Novemba naitreti ilikuwa miligramu 15, na alfajiri samaki hawakupanda tena juu kutafuta hewa, maana chombo kile huingiza hewa majini usiku kucha. Mandarini alikuwa na tumbo la mviringo. Kaka husafisha kikombe Jumatano na Jumapili, kwa sharti la shemeji kwamba kisioshwe kwenye sinki la jikoni. Mama naye, kila kaka akipiga simu, huuliza kwanza mgongo, kisha huuliza kama yule samaki wa mtoto amekwisha kufikia kiasi cha kukaangwa.